Mtindi, togwa na kiporo: mwongozo kwa anayeuza chakula kutoka uani

Machi 16, 2020, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini. Yaliyofuata mitaani kila mkazi wa Dar es Salaam anayakumbuka: ndoo za koki kwenye milango ya maduka na vituo vya daladala, malimao na tangawizi kupanda bei, shule kufungwa, hoteli kukosa wageni. Waliopunguzwa kazi na waliofunga fremu zao mjini walirudi nyumbani, Mbagala, Chamazi, Toangoma, Tegeta, Bunju, na wengi wakaanzia pale penye jiko. Huyu akagandisha mtindi na kuusambaza kwa bodaboda, yule akatengeneza togwa, mwingine unga wa lishe, achari ya maembe, karanga za kusaga au chakula cha mchana cha kupelekea mafundi saiti.

Ndoo nyingi sasa ni kavu, lakini biashara zile zipo na zimeongezeka. Wakubwa nao wameliona jambo hili kwa jina lao: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mkakati wa uchumi wa kibayolojia wa kuanzia 2021/22 hadi 2031/32, yaani uchumi unaojengwa juu ya mazao, mifugo, mabaki yake na viumbe wadogo wanaoyabadilisha kuwa bidhaa. Kwa mkazi wa Mbagala, uchumi huo unaanzia kwenye sufuria ya maziwa, na anayefanya kazi ndani ya sufuria hiyo ni bakteria. Ndiyo maana nasema kila anayeuza chakula kutoka uani ni mfugaji wa vijidudu, ajue asijue. Akijua kuwaongoza, atauza na atakua. Asipojua, ataumiza watoto wa jirani zake. Mambo ya kuwaongozea ni matatu: joto, uchachu na saa.

Saa nane za joto la Dar

Bakteria akipata chakula chenye majimaji na joto kama letu la mchana, anaweza kugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: mmoja aliyeingia kwenye sufuria saa nne asubuhi, ifikapo saa kumi na mbili jioni amekuwa zaidi ya milioni 16. Hakuna harufu wala ladha itakayokuonya, kwa sababu vijidudu wanaoleta kuhara mara nyingi si wale wanaochachisha chakula. Chakula hatari kinaweza kunukia vizuri kabisa.

Eneo la kuogopa ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Juu ya 60 hawazaani, chini ya 5 wanazubaa, na katikati hapo ni sikukuu yao. Kipimajoto cha jikoni, kile cha sindano, si kitu cha anasa kwa mtu anayelisha watu hamsini kwa siku. Nyama ya kuku ikifika nyuzi 70 na zaidi katikati ya paja, imeiva kwa maana ya kiafya, hata kama ngozi iliiva mapema.

Wali ndio unaodanganya wengi. Ndani ya mchele mbichi hukaa bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mwenye tabia ya kujifungia kwenye spora, gamba gumu lisilokufa kwa kuchemka. Wali ukiiva, spora zinabaki hai. Ukiuacha ndani ya sufuria kubwa, umefunikwa, unapoa polepole tangu mchana hadi usiku, spora zinafunguka, bakteria wanazaana na kutoa sumu ya kutapisha. Hapo ndipo kosa la kiporo lilipo. Kupasha moto asubuhi kunaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuimwaga haiondoki kwa moto wa kawaida. Pilau, biriani na tambi zina tabia hiyo hiyo.

Kwa hiyo anayeuza wali apike mara mbili, sufuria ya saa tano na sufuria ya saa saba, badala ya kupika yote alfajiri. Unaosubiri ukae kwenye hotpoti inayofunga vizuri, iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto ili isiibe joto la wali. Unaobaki umwage kwenye sinia pana, utandaze uwe mwembamba, upoe upesi, kisha uingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu utoke motoni. Kuweka sufuria nzima ya moto ndani ya friji hakusaidii: katikati yake patakaa na joto usiku kucha, na vitu vingine vyote vitapata joto. Kama huna friji, pika kinachotosha, na kilichobaki jioni kiende kwa kuku. Kiporo cha kunywea chai asubuhi ni chakula kizuri, lakini ni kiporo kilicholala kwenye baridi.

Mikono, beseni na maji ya boza

Wakati wa UVIKO watu wengi waliogopa chakula chenyewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hapakuwa na ushahidi wa virusi vile kuambukizwa kwa kula. Lakini kile tulichokuwa tukifanya mlangoni, kunawa kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka, ndicho hasa kinachozuia magonjwa ambayo kweli husafiri kwa chakula. Inasikitisha kwamba tumeiacha ndoo kwa sababu gonjwa moja limepungua, ilhali yale ya siku zote hayajaondoka. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, ukaingia Temeke na Ilala, kisha ukasambaa katika mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar. Haukuanzia kijijini mbali na zahanati. Ulianzia hapa mjini, kwenye mitaa ambayo visima na vyoo vinapakana.

Simama karibu na meza ya mama lishe saa saba mchana uangalie mabeseni yake mawili. La kwanza lina sabuni, la pili ni la kusuuzia. Asubuhi lile la pili lilikuwa na maji meupe. Sasa maji yana rangi ya mchuzi na punje za wali zinaelea, na sahani ya mteja wa thelathini inazamishwa humo humo, inapigwapigwa kukung'uta matone, inapakuliwa wali. Kila mdomo uliotangulia umeacha kitu kwenye yale maji. Tiba yake haina gharama kubwa: beseni la tatu. Weka maji safi, tia jiki isiyo na manukato, ile ya klorini ya asilimia 3.5, nusu kijiko cha chai kwa kila lita, loweka sahani dakika mbili au tatu, kisha zianike kwenye kichanja zikauke zenyewe bila kitambaa. Kitambaa kimoja kinachofuta meza, sahani na jasho ni kibaya kuliko kutofuta. Maji ya kusuuzia yabadilishwe kila yanapoanza kubadilika rangi, na yale ya dawa yatengenezwe upya mara kadhaa kwa siku kwa sababu uchafu hula klorini.

Mwenye kidonda mkononi au jipu asishike chakula kilichokwisha kuiva. Usaha hubeba bakteria ambao nao hutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Anayepokea hela asiwe anayepakua, na kama mko mmoja tu, basi pakua kwa mwiko na ushike chapati kwa koleo. Anayeharisha akae nyumbani. Najua maana yake ni kukosa hela ya siku hiyo, na kwa hiyo waajiri wa jikoni wanapaswa kulipa siku hizo, kwa sababu msaidizi anayeogopa kukatwa posho atakuja kazini akiwa mgonjwa na atakaa kimya.

Maji ya DAWASA yakikatika, wengi hununua ya boza au ya kisima kwa dumu. Yachukulie yote kuwa si salama mpaka uyachemshe au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hii inahusu pia barafu ya kwenye juisi ya ukwaju, maji ya kuoshea nyanya za kachumbari na maji unayokorogea unga wa baridi. Kachumbari haipiti motoni kabisa. Ikatwe karibu na muda wa kula, na ndimu iliyokamuliwa juu yake isikufanye uamini kwamba inaweza kukaa tangu mchana hadi usiku.

Mtindi: kuanzia kwenye dumu

Mtindi ni bidhaa nzuri kwa mtaji mdogo kwa sababu uchachu wake wenyewe ni ulinzi. Bakteria wa maziwa hula sukari ya maziwa na kutoa tindikali. Kipimo cha pH kikishuka hadi karibu 4.6 maziwa yanaganda, na kikiendelea kushuka vimelea vingi vya maradhi vinashindwa kuzaana. Lakini ulinzi huo huchukua saa nyingi kufika, na yote yanayotokea kabla haujafika yanategemea maziwa uliyoanza nayo.

Anza kwa kukataa. Maziwa yanapofika mlangoni, chemsha kijiko kimoja kabla ya kulipa. Yakikatika, muuzaji aondoke nayo, kwa sababu tayari yameshachacha njiani. Laktomita, kile kipimo cha kuelea, itakuonyesha kama yametiwa maji: maziwa halisi husoma kati ya 1.026 na 1.032. Kisha angalia chombo. Dumu la mafuta ya kula lenye shingo nyembamba halioshiki. Mkono hauingii, brashi haifiki kwenye kona, na utando unaobaki ndani ndio unaoambukiza maziwa ya kesho. Keni ya alumini yenye mdomo mpana ni ghali, lakini ndicho chombo cha kwanza ningemshauri mtu anunue, kabla ya friji na kabla ya stika nzuri.

Wapo wanaoapa kwamba mtindi wa maziwa mabichi una ladha zaidi. Labda ni kweli, lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na bakteria wa ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba. Kwa binadamu bakteria huyo huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na wagonjwa wengi hutibiwa malaria muda mrefu kabla ya kugunduliwa. Anaweza kuvumilia ndani ya mtindi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo chemsha. Kiwandani wanapasha hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Nyumbani yaache yachemke kweli huku ukikoroga yasishike chini.

Yapoze haraka kwa kutumbukiza sufuria kwenye beseni la maji ya baridi, ukiwa umeifunika. Yakifika uvuguvugu wa kuogeshea mtoto, tia chachu, yaani mtindi safi usio na sukari wala ladha, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, ukoroge kwa kijiko kilichochemshwa. Funika, acha mahali patulivu. Kwa joto la Dar utakuwa umeganda baada ya saa 12 hadi 18. Chachu ya yogati ya viwandani ni tofauti: hupenda nyuzi 42 hadi 45 na huganda kwa saa nne hadi sita. Usichanganye maelekezo ya hizi mbili. Baada ya kuganda peleka kwenye baridi mara moja, la sivyo utaendelea kuchacha na kutoa maji.

Mtindi wako wenyewe unaweza kuwa chachu ya mtindi unaofuata mara chache, si milele. Kila mzunguko unaingiza wageni kidogo, hamira na ukungu wa hewani, na siku moja utaona mapovu, harufu ya pombe, utando wa rangi au ute unaovutika. Hapo mwaga wote. Usikwangue juu ukauza wa chini.

Kuna jambo moja linalowashangaza wanaoanza: maziwa mazuri, yaliyochemshwa, chachu nzima, na asubuhi hayajaganda. Mara nyingi ng'ombe alikuwa kwenye dozi ya antibayotiki, na mabaki ya dawa yaliyomo kwenye maziwa yameiua chachu yako. Kuchemsha hakuyaondoi. Chukua hilo kama onyo lililotolewa bure. Maziwa yale yale yangemfikia mtoto yakiwa na dawa, na bakteria wanaozoea dawa kidogo kidogo ndio wanaokuja kushindikana kutibika hospitalini. Muulize mfugaji amemdunga ng'ombe lini, na mkubaliane kwamba maziwa ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hayaletwi.

Tuna mfano wa nyumbani wa jinsi kikundi kidogo kinavyoweza kwenda mbali. Katika mtaa wa Mabatini jijini Mwanza, wanawake wa kikundi cha Tukwamuane walianza miaka ya 2000 kutengeneza yogati inayouzwa kwa jina la Fiti, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Chachu yao haikuwa ya kubahatisha; ilikuwa na bakteria anayejulikana kwa jina na namba, Lactobacillus rhamnosus GR-1. Uganda nako wazalishaji wadogo wamepata chachu iliyokaushwa ya pakiti, inayojulikana kama Yoba, na kuitumia kutengenezea mtindi wa kuuza. Somo la Mwanza na Uganda ni kwamba ladha inayofanana kila wiki huanzia kwenye chachu inayofanana kila wiki, na mteja wa duka kubwa hatakubali mtindi ambao leo mkali, kesho mtamu.

Safarini tumia deli lenye barafu, barafu iwe juu na pembeni, na bodaboda apite kwa wateja wa mbali kwanza kabla haijayeyuka. Umeme ukikatika usiifungue friji. Iliyojaa na kufungwa inaweza kushikilia baridi kwa saa nne hivi.

Togwa, na mtoto anayekataa uji mzito

Togwa haijapewa heshima inayostahili. Mnamo miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walionyesha jambo ambalo bibi zetu walilitumia bila kulipigia kelele: ukitia unga kidogo wa kimea, yaani ulezi au mtama ulioota na kukaushwa, kwenye uji mzito uliopoa kiasi, uji unalainika ndani ya dakika chache bila kuongezwa maji. Vimeng'enya vya kimea hukata wanga. Mtoto mwenye tumbo dogo anakunywa uji mwepesi wenye unga mwingi, anashiba kweli badala ya kujazwa maji.

Togwa inaongeza hatua ya pili, uchachu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Norway waliipima na kukuta kundi zima la bakteria wa tindikali wakifanya kazi pamoja na hamira, na pH ikishuka chini ya 4 ndani ya saa 24. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Sweden nao, katika utafiti uliochapishwa 1999, waliwalisha watoto wa chini ya miaka mitano togwa kila siku kwa karibu wiki mbili, na vimelea vya kuhara kwenye haja zao vikapungua.

Ya kuuza itengenezwe hivi. Pika uji wa mahindi mzito uive sawasawa. Acha upoe mpaka uweze kuchovya kidole bila kukitoa haraka. Tia unga wa kimea, koroga mpaka ulainike. Kisha ongeza togwa nzuri ya jana, kikombe kimoja kwa kila vikombe tisa au kumi vya uji. Wengi huiruka hatua hii na kuacha kimea peke yake kifanye kazi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kimea kinaingia baada ya moto, kikiwa na vijidudu vyake vyote vya shambani na vya kwenye mkeka kilipoanikwa. Togwa ya jana inaleta jeshi la bakteria wazuri wanaoshusha pH mapema kabla wabaya hawajazaana. Karatasi za kupimia pH zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Asubuhi ikisoma 4 au chini, pakia. Ikisoma juu ya hapo, isubiri au uimwage, usiiuze kwa sababu wateja wameshafika.

Uchachu hauui kila kitu. Maji machafu yaliyoongezwa baada ya kuchacha, ili togwa itoshe wateja zaidi, yanarudisha hatari yote uliyoifukuza usiku kucha. Na chupa za maji za kuokota, hata zikipendeza, hazivumilii maji ya moto kwa hiyo haziwezi kusafishwa vya kutosha. Nunua chupa mpya. Usiijaze pomoni, maana hamira hutoa hewa na chupa iliyokaa juani huvimba.

Sumukuvu haichachuki

Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 walifariki, wengi wakiwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao. Sumukuvu hutolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Haina rangi ya kuonekana kwenye unga, na haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuchachushwa kwa namna ya kutegemea. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini.

Anayesaga unga wa lishe Chamazi au Tegeta anabeba dhamana kubwa hapa, kwani wateja wake wakuu ni watoto. Ushauri wangu ni karanga zisisagwe ndani ya unga huo kabisa. Mafuta yake huufanya uoze mapema, na punje chache mbovu zikishasagwa hakuna wa kuzitoa. Mzazi anunue karanga nzima, azichambue, aondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, asage kidogo kwa wiki. Mahindi nunua makavu ya kulia unapoyatafuna, uyachambue kwa mkono kwenye ungo, na magunia yakae juu ya chaga mbali na ukuta. Kimea chenye ukungu wa kijani au mweusi hakifai hata kwa kuku.

Usiandike "hutibu"

UVIKO iliacha tabia ya kuuza kila kitu kwa jina la kinga ya mwili. Mtindi ni chakula chenye protini, kalsiamu na bakteria wazuri. Hilo linatosha kulisema. Ukiandika kwenye stika kwamba unatibu sukari, presha au vidonda vya tumbo, unamdanganya mgonjwa ambaye anaweza kuacha dawa zake, na unajiweka matatani kisheria. Andika jina la bidhaa, viungo vyote, tarehe ya kutengeneza, mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi na namba yako ya simu.

Mabaki nayo ni mali

Maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya mboga za soko la Tandika na ya pale Mbagala Rangi Tatu huoza haraka, huleta nzi na kuziba mitaro. Vijidudu hao hao wa kuoza wanaweza kuajiriwa. Mabwepande kipo kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano wa Manispaa ya Kinondoni na jiji la Hamburg la Ujerumani kwa ajili ya mabaki ya masokoni. Uani pia inawezekana: lundo la mita moja kila upande, tabaka la mabichi na tabaka la majani makavu au maranda, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Ndani ya siku chache katikati litapanda hadi nyuzi 55 au zaidi, joto linaloua vimelea vingi na mbegu za magugu. Ligeuze kila wiki ili pembeni napo paingie katikati. Usitie nyama, samaki wala kinyesi cha mbwa.

Wafuga kuku, ambao kwao chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, waangalie funza wa nzi mweusi anayeitwa askari. Jijini Dar es Salaam kampuni ya BioBuu imekuwa ikimfuga kwa mabaki ya vyakula. Nzi mzima hali chakula wala haingii jikoni kama nzi wa nyumbani. Funza wake hula mabaki kwa wiki mbili hivi, na wakikaushwa karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini. Wachemshe au uwakaushe kwa moto kabla ya kuwalisha, na usiwalishe mizoga ya kuku wako mwenyewe, maana utakuwa unazungusha ugonjwa bandani.

Vibali, mkopo, na siku mteja akipiga simu

Tangu Julai 2019 usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, apate mafunzo na barua ya utambulisho, kisha aende nayo TBS, ambako wadogo hupewa unafuu wa ada kwenye hatua za mwanzo. Bidhaa za maziwa zina Bodi ya Maziwa pia. Afisa afya wa kata ndiye wa kumwita aone jiko kabla hujapaka rangi, kwa sababu atakwambia panapohitajika sinki, wavu wa nzi na mlango, na ni rahisi kujenga mara moja. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi kiwe kimesajiliwa mapema.

Na siku mteja akipiga simu kwamba mwanawe anaharisha baada ya kula chakula chako, usibishane naye. Mwambie ampe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, na kama hana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto apelekwe zahanati apate na zinki, na asinunuliwe antibayotiki dukani bila kupimwa. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani, au anatoa haja kama maji ya mchele, aende hospitali saa hiyo hiyo, na namba 199 ya Wizara ya Afya haitozwi. Wewe simamisha mauzo ya mzunguko ule, weka chupa moja kwenye baridi ikiwa imefungwa ili maabara ipate cha kupima, mpigie afisa afya, na uwatafute wengine wote walionunua siku hiyo kwenye daftari lako la mauzo.